Mukombero, nguvu za kiume na mbegu za uzazi: dawa ya mzizi hupimwaje?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nyumbani kwetu ni karibu na Kakamega, na nina umri wa miaka 34. Mimi na mke wangu tumekaa katika ndoa miaka mitatu bila kupata mtoto. Baba yangu mdogo ni mtaalamu wa mitishamba. Amenipa mizizi ya mukombero nitafune kila siku, na anasema wanaume wengi aliowapa wamepata watoto. Je, mzizi huu umewahi kupimwa na wanasayansi? Dawa kama hii huwa mnaipimaje, na kwa nini ushahidi wa wazee hauwatoshi?

Jibu: Ndugu mwalimu, barua yako imebeba maswali matatu yaliyofungwa kwa kamba moja, na tusipoyafungua moja baada ya jingine, jibu lolote nitakalokupa litafaa swali moja na kupotosha mengine. Mukombero umepimwa, tena zaidi ya mara moja. Kama unafaa kwa kile unachokitafuta wewe, yaani mtoto, hilo ni jambo jingine, na kwa ushahidi uliopo mimi ningekushauri uache kuutafuna kila siku katika kipindi hiki mnapotafuta mimba. Sababu zangu ni ndefu kidogo, kwa hiyo naomba univumilie.

Ugumu wa kwanza umo katika lugha yetu wenyewe. Tunaposema "nguvu za kiume" tunatia ndani ya kapu moja hamu ya tendo la ndoa, uwezo wa uume kusimama na kudumu, na uwezo wa mbegu kutunga mimba. Mwilini mambo haya yana mitambo tofauti. Hamu hutegemea ubongo na homoni, hasa testosteroni. Kusimama hutegemea mishipa ya damu na ya fahamu. Mbegu hutengenezwa ndani ya korodani, katika vijimrija vyembamba kuliko uzi wa kushonea. Mwanamume anaweza kuwa na hamu tele na jogoo wake akapanda mtungi bila shida yoyote, na bado manii yake ikawa haina hata mbegu moja. Yeye mwenyewe hatajua, kwa sababu sehemu kubwa ya manii ni majimaji ya tezi na macho hayaoni tofauti. Mwingine anaweza kushindwa kabisa kitandani ilhali korodani zake zinazalisha mamilioni ya mbegu kila siku. Sildenafil, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na inayojulikana kwa wengi kama kidonge cha buluu, hulegeza mishipa ya uume ili damu iingie. Haikutengenezwa kwa kazi ya kuongeza mbegu.

Liko jambo moja zaidi ambalo wauzaji wa dawa za nguvu hawalisemi, na sidhani kama wengi wao wanalijua: mara nyingine nguvu na mbegu hupingana. Korodani hutengeneza mbegu kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na tezi hiyo hupima testosteroni iliyomo katika damu kabla ya kutoa amri. Testosteroni ikiingizwa kutoka nje, tezi hudhani kazi imekwisha fanyika, hunyamaza, na korodani nazo husimamisha uzalishaji. Katika jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa mwaka 1990, wanaume 271 wenye afya walidungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki, na katika muda wa miezi sita 157 kati yao hawakuonekana na mbegu hata moja. Jaribio lile lilikuwa la uzazi wa mpango. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa yake "inapandisha homoni", hajakuambia lolote kuhusu mtoto.

Sasa tuje kwenye mukombero wenyewe. Kitaalamu huitwa Mondia whitei. Ni mmea unaotambaa juu ya miti, wenye utomvu mweupe na majani mapana yenye umbo la moyo, na jirani zetu wa Uganda huuita mulondo. Harufu ile tamu ya vanila unayoisikia ukivunja mzizi hutokana na kemikali inayofanana sana na ile ya vanila yenyewe. Tafiti tatu zinatosha kuonyesha jinsi mambo yalivyo. Mwaka 2001 watafiti wa Cameroon, akiwemo Pierre Watcho, walichapisha matokeo ya kuwapa panya dume dawa ya gome la mzizi kwa siku 55, miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Utengenezaji wa mbegu ulivurugika, mbegu zilizokuwapo zikagandana, na uwezo wa panya hao kuzalisha ukashuka. Walipoachishwa dawa kwa siku nyingine 55, hali ikarudi. Mwaka 2004 kundi hilo hilo lilitoa matokeo mengine: panya waliopewa maji ya mzizi huo huo kwa siku nane tu, kwa kipimo hicho hicho, testosteroni yao ilipanda katika damu na ndani ya korodani, na korodani zao zikaongezeka uzito. Kisha mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walichanganya maji ya mzizi na mbegu za binadamu ndani ya vyombo vya maabara, wakaona mbegu zinaogelea vizuri zaidi.

Muuza mukombero akiyapata haya matatu atabandika mawili ukutani na kulificha moja. Mimi nayasoma yote kwa pamoja, na ninapoyasoma swali la kwanza ni la muda. Panya huhitaji takriban siku 50 na ushei kutengeneza mbegu kuanzia chembe ya awali, na wiki moja hivi zaidi kuipitisha katika mrija uliojikunja nyuma ya korodani, ambako mbegu hukomaa na kujifunza kuogelea. Binadamu huhitaji takriban siku 74, kisha siku kadhaa hadi wiki mbili katika mrija huo. Mbegu utakayoitoa leo, mwalimu, ilianza kutengenezwa karibu miezi mitatu iliyopita. Utafiti wa siku nane kwa panya basi hauwezi kusema kitu juu ya utengenezaji wa mbegu tangu mwanzo hadi mwisho; unasema juu ya homoni na juu ya mbegu zilizokuwa tayari njiani. Utafiti wa siku 55 ndio uliopita mzunguko karibu wote, na huo ndio ulioleta habari mbaya. Kutafuna kila siku kwa miezi, kama ulivyoelekezwa, kunafanana zaidi na jaribio la 2001 kuliko la 2004.

Umeuliza tunapimaje. Kazi huanza mbali na panya. Huanza na kuhakikisha kwamba mzizi ni ule unaotajwa, na hapa ndipo tafiti nyingi huharibika mapema kuliko watu wanavyodhani. Niliwahi kuletewa mafungu matatu ya "mukombero" yaliyonunuliwa kwa wachuuzi watatu wa mji mmoja. Mawili yalinukia vanila. La tatu lilikuwa na mizizi ya rangi ile ile, unene ule ule, imefungwa kwa kamba ya plastiki kama mengine, lakini ukiuvunja ulikuwa hauna harufu na katikati yake ulikuwa mgumu kama kuni. Aliyeuuza aliapa ni mukombero wa msituni. Tangu hapo sipokei mzizi usio na shina lake na majani yake, na ikiwezekana maua, sehemu hizo hukaushwa, hubandikwa kwenye karatasi ngumu, hupewa namba na kuhifadhiwa katika hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ili miaka 20 baadaye mtu akiuliza "mlipima nini hasa?" aonyeshwe.

Hatua inayofuata ni kuitengeneza dawa kama mganga anavyoitengeneza. Baba yako mdogo hutafunisha mzizi mbichi au huuchemsha. Hamwagii mtu kemikali ya hekseni. Maabara nyingi hupenda vimiminika vya kemikali kwa kuwa hutoa vitu vingi zaidi kutoka kwenye mzizi, halafu matokeo huandikwa kana kwamba yanahusu dawa ya kienyeji. Hayahusu. Anayetaka kujua kama dawa ya mzee inafanya kazi achemshe kwa sufuria na maji, kwa muda wa mzee, achuje, akaushe maji hayo mpaka ubaki unga, aupime unga huo kwa mizani, na aandike kilo moja ya mizizi imetoa gramu ngapi.

Namba hiyo ya mwisho watu huidharau, lakini ndiyo inayoleta hesabu kwenye maisha ya kawaida. Mwili wa panya huchoma dawa haraka kuliko wetu, kwa hiyo kipimo cha panya hugawanywa kwa 6.2 ili kupata kipimo cha binadamu kinacholingana. Miligramu 400 kwa kilo zikigawanywa hivyo ni kama 65, na kwa mwanamume wa kilo 70 hiyo ni gramu nne na nusu za unga wa dawa kila siku. Tuseme kwa mfano kilo ya mizizi mikavu imetoa gramu 50 za unga: basi gramu nne na nusu zinataka gramu 90 za mizizi mikavu kila siku. Sijui mtu anayetafuna kiasi hicho. Hesabu hii inanilazimu nikutendee haki kwa pande zote mbili: madhara yaliyoonekana kwa panya huenda yasikupate kwa kipande kidogo unachotafuna, na faida iliyoonekana kwa panya huenda isikufikie pia, kwa sababu ile ile.

Kwa panya wenyewe, utaratibu mzuri ni huu. Panya dume wazima wa aina na umri mmoja hugawanywa kwa kura katika makundi. Kundi moja hupewa maji matupu, makundi mengine hupewa kipimo kidogo, cha kati na kikubwa, na kundi jingine hupewa dawa inayojulikana kazi yake. Dawa hupitishwa kwa mrija mwembamba wenye ncha ya mviringo unaoteremshwa kutoka mdomoni hadi tumboni, kila siku saa ile ile, ili asiwepo panya anayepata zaidi kwa sababu ya uroho. Kama swali ni hamu na kusimama, dume huwekwa usiku, chini ya taa nyekundu hafifu, pamoja na jike aliyetayarishwa kwa homoni, na mtu mwenye saa huhesabu amempanda baada ya sekunde ngapi, mara ngapi, na amechukua muda gani kumaliza. Kama swali ni mbegu, saa hizo hazina maana; inabidi kupima uzito wa korodani, mrija wake, na tezi zinazotoa majimaji, kuhesabu mbegu kwa hadubini katika kioo chenye miraba, kuzitazama zinavyoogelea wakati zingali na joto, na kukata korodani vipande vyembamba ili kuona kama safu za chembe ndani ya vijimrija zimepangika au zimetoboka. Damu hupimwa testosteroni na homoni mbili ambazo ile tezi ya chini ya ubongo huzitumia kutoa amri. Ini na figo hupimwa pia, kwa kuwa dawa inayoleta mtoto na kumwacha baba yake na ini bovu haina wa kuisifu.

Hapo kuna mtego mmoja ambao hata wanafunzi wangu wa shahada ya pili huuangukia. Wao hupenda kipimo cha mwisho kiwe watoto: dume akutanishwe na majike, mimba zihesabiwe, na kama idadi haikushuka dawa itangazwe salama kwa uzazi. Panya dume ana akiba kubwa mno ya mbegu. Unaweza kupunguza mbegu zake hadi sehemu ndogo ya kawaida na bado akajaza banda watoto. Binadamu hana akiba hiyo. Dawa inayopunguza mbegu kwa nusu haitaonekana katika mimba za panya, lakini kwa mwanamume ambaye tayari yuko ukingoni itamsukuma shimoni. Ndiyo maana mimi huamini zaidi kioo cha kuhesabia na vipande vya korodani kuliko idadi ya vitoto.

Majaribio ya chombo cha maabara, kama lile la Stellenbosch, yana thamani yake, ila yajibu swali lake tu. Mbegu zilizomwagiwa maji ya mzizi hazijapitia tumbo, utumbo wala ini, na mzizi unaotafunwa haufiki kwenye korodani ukiwa kama ulivyotoka ardhini. Mafuta ya mwarobaini huua mbegu zikigusana nayo katika chombo, na kwa sababu hiyo yamechunguzwa nchini India kama dawa ya kuzuia mimba ya kupaka ndani ya uke; ugunduzi huo peke yake haukuambii kitu juu ya mtu anayekunywa chai ya majani ya mwarobaini kwa ajili ya homa. Mmea ule ule, njia nyingine, jibu jingine.

Sasa nije kwenye swali lako la tatu, ambalo naona ndilo lililokuuma zaidi: kwa nini ushahidi wa wazee hautoshi. Siudharau. Baba yako mdogo akisema wanaume aliowapa wamepata watoto, naamini anasema kweli. Lakini tuchukue jozi 100 za wenzi wa umri wa kawaida wanaokutana mara kwa mara bila kinga. Katika mwaka wa kwanza 84 hivi hupata mimba. Ukifika mwisho wa mwaka wa pili wamefika 92. Maana yake ni kwamba kati ya wale 16 waliokwama mwaka mzima, waliolia, waliosemwa na mashemeji, na pengine ndio waliokwenda kwa mganga, wanane hupata mimba mwaka unaofuata bila kupewa chochote. Mganga aliyewapa wote 16 mzizi wowote, hata wa muhogo, atapata familia nane za kumsimulia, na wale wanane wengine hawarudi kumweleza, wamekwenda kwa mganga mwingine. Mganga hakudanganya mtu. Amesikia upande mmoja tu wa hesabu.

Kwa upande wa kusimama, imani ina nguvu kubwa zaidi. Katika mojawapo ya majaribio ya sildenafil yaliyochapishwa mwaka 1998, wanaume waliopewa dawa halisi walifanikiwa katika majaribio 69 kati ya kila 100 ya kufanya tendo, na waliopewa kidonge kisicho na kitu walifanikiwa katika 22. Kidonge cha unga mtupu kilisimamisha uume mara 22 katika 100! Kama hatuna kundi la kulinganisha, hizo 22 zote zingehesabiwa kuwa sifa ya dawa. Mbegu nazo hupanda na kushuka kwa mtu yule yule kutoka wiki moja hadi nyingine. Aliyepimwa wiki yake mbaya, akala mzizi, akapimwa tena, kuna uwezekano mkubwa wa kuona nafuu hata kama mzizi haukufanya kitu.

Hivyo jaribio la binadamu linalofaa kuaminiwa ni lile ambalo wanaume hugawanywa kwa kura, nusu wanapewa mzizi na nusu kitu kinachofanana nao kwa rangi na ladha (na kwa mukombero kuiga harufu ile si kazi rahisi), wala mgonjwa wala anayehesabu mbegu asijue nani kapewa nini, na kwa muda usiopungua miezi mitatu. Unaweza kudhani ni ukali wa bure. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani la jozi 2,370 za wenzi, ambapo wanaume walipewa zinki na asidi ya foliki, vidonge ambavyo kwa miaka mingi vimeuzwa kwa wanaume wanaotafuta mtoto na ambavyo tafiti ndogo zilivisifu. Watoto waliozaliwa katika makundi mawili walikuwa karibu sawa, wastani wa mtoto mmoja kwa kila jozi tatu za wenzi, na waliomeza vidonge waliumwa matumbo zaidi. Kwa mukombero jaribio la ukubwa wa namna hiyo halijafanyika.

Wakati huo huo sitaki uondoke ukidhani kwamba wazee hawana la kutufundisha, kwa sababu historia inasema vinginevyo. Katika miaka ya 1950 iligunduliwa nchini China kwamba baadhi ya vijiji vilivyokuwa vikipikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba vilikuwa havipati watoto. Watu waliligundua kwa kutazama, kabla ya maabara. Chanzo kilikuwa kemikali iitwayo gosipoli, na katika miaka ya 1970 China iliijaribu kama kidonge cha uzazi wa mpango kwa wanaume zaidi ya 8,000. Ilizuia mimba vizuri mno. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi yao potasiamu ilishuka katika damu hadi kulegea misuli, na kwamba wengine hawakurudiwa na mbegu hata baada ya kuacha, na mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani likapendekeza utafiti huo usimamishwe. (Mafuta ya pamba yaliyosafishwa kiwandani yameondolewa gosipoli, kwa hiyo usimwage ya jikoni.) Mbegu za papai nazo, ambazo watu huzimeza kwa minyoo, dondoo lake, yaani dutu iliyotolewa humo, lilipojaribiwa kwa kima aina ya langur huko India, mbegu za kiume zilitoweka kisha zikarudi baada ya kuacha. Ushahidi wa macho ya wanakijiji ulionyesha mahali pa kuchimba. Kazi ya maabara ilikuwa kujua mmea unafanya nini, kwa kiasi gani, na kama njia ya kurudi ipo.

Niseme pia juu ya unga uliokwisha sagwa na kutiwa kwenye vikopo, kwa kuwa mtu anayetafuta mtoto mwaka wa tatu huwa hachagui sana. Unga unaofanya kazi ndani ya dakika 40 ushuku. Mimea mingi haifanyi hivyo, lakini sildenafil iliyosagwa na kuchanganywa humo hufanya, na kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti mchanganyiko huo unaweza kushusha presha hadi kufa. Mwaka 2008 huko Singapore watu wapatao 150 wasio na kisukari walilazwa kwa kushuka sukari vibaya, karibu wote wanaume, na uchunguzi ukaelekea kwenye dawa za nguvu zilizochanganywa na dawa ya kisukari. Saba walipoteza fahamu kwa muda mrefu, na wanne kati yao wakafa. Mzizi mzima wenye harufu yake, unaouona kwa macho, una heri kuliko kikopo.

Kama baba yako mdogo angependa dawa yake ipimwe rasmi, asikabidhi maelezo yake kwa mtafiti kabla ya makubaliano ya maandishi. Kenya inayo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, inayotaka jamii yenye maarifa iridhie kwanza na igawiwe faida. Mtafiti wa kweli atakuja na kibali cha utafiti na cha kamati ya maadili, na hataudhika akiulizwa. Na mzee anapochimba aache sehemu ya mizizi ardhini. Mukombero wa msituni umepungua sana kwa sababu unachimbwa wote na hauachiwi nafasi ya kuchipua.

Kuhusu wewe mwenyewe, acha mzizi kwa sasa, umweleze mzee kwa heshima kwamba unataka kupimwa ukiwa huna dawa mwilini. Ataelewa, hata yeye humuuliza mgonjwa ametumia nini kabla. Nendeni wote wawili hospitali, kwa kuwa mchango wa mwanamume huonekana katika karibu nusu ya wenzi waliokwama, peke yake au pamoja na wa mke, na haiwezekani kumtibu mmoja kwa kukisia. Mwambie daktari kama uliwahi kuugua matubwitubwi ukiwa kijana, kama unatafuna miraa au kuvuta sigara, kama umewahi kudungwa homoni za kujenga misuli, na akukague ukiwa umesimama, kwa sababu mishipa iliyovimba juu ya korodani haionekani vizuri mtu akilala na baadhi yake hutibika kwa upasuaji mdogo. Kipimo cha manii kifanywe mara mbili, wiki kadhaa mbalimbali. Ukipokea karatasi, viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 ni mililita 1.4 za manii, mbegu milioni 16 katika kila mililita, na mbegu 42 katika kila 100 zinazojongea. Kuwa chini yake kidogo hakumaanishi huwezi kuzaa, na kuwa juu yake hakukupi hakikisho.

Kabla ya kipimo kaa bila kutoa manii siku zisizopungua mbili na zisizozidi saba. Tumia chupa ya maabara, usitumie kondomu ya kawaida wala mafuta ya kulainisha, kwa kuwa vyote vinaweza kudhuru mbegu, na kama tone la kwanza limemwagika liseme, maana ndilo lenye mbegu nyingi. Ukilazimika kuitolea nyumbani, ibebe chupa ndani ya shati ikiwa imegusana na mwili, si kwenye mfuko wa nje wa pikipiki, na ifike maabara kabla ya saa moja kwisha.